Njia ya Protini Katika Utando wa Retikulamu: Yaliyofunuliwa na Hamira

Kila seli yenye kiini, iwe ya hamira inayoumua unga wa maandazi au ya ini la binadamu, ina tatizo la usafirishaji lisilokwepeka. Protini zake karibu zote huundwa na ribosomu, yaani mitambo ya molekuli inayounganisha asidi amino kuwa mnyororo, na kazi hiyo hufanyika katika saitoplazimu, ule ute unaokizunguka kiini. Lakini takribani theluthi moja ya protini hizo hazina shughuli humo, kwa kuwa mahali pake ni nje ya seli, au katika utando wa seli wenyewe, au ndani ya vyumba vilivyofunikwa kwa utando. Kituo cha kwanza cha sehemu kubwa ya protini hizo ni retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa vifuko bapa na mirija ulioungana na utando wa kiini, ambao uwazi wake wa ndani umetengwa kabisa na saitoplazimu. Kinachotenga pande hizo mbili ni utando wenye unene wa takribani nanomita 4 tu, na swali la mhadhara huu ni jinsi mnyororo wa protini unavyouvuka.

Wembamba huo usimdanganye msomaji. Utando ni tabaka mbili za lipidi zilizoelekezana mikia, na katikati yake pana mafuta matupu yasiyokubali maji wala kitu chochote chenye chaji ya umeme, ilhali mnyororo wa protini, ambao mara nyingi una mamia ya asidi amino, umejaa sehemu zinazopenda maji na sehemu zenye chaji, kiasi kwamba kuzilazimisha zipite katika mafuta kungedai nishati kubwa mno. Kutoboa tundu la wazi nako hakungefaa, maana retikulamu huhifadhi ioni za kalsiamu na hudumisha mazingira ya kikemikali yaliyo tofauti na ya saitoplazimu, na tundu lisilozibika lingeyavujisha yote. Kinachohitajika ni njia inayofunguka kwa protini inayostahili peke yake, inayoipitisha ikiwa imenyooka bila kuvujisha ioni, na ambayo pia inaweza kufunguka ubavuni, ili zile protini zinazopaswa kukaa ndani ya utando ziteleze na kuingia katika mafuta. Njia ya namna hiyo ipo, nayo imejengwa kwa mpango uleule katika bakteria, katika hamira na katika binadamu. Hayo ni miongoni mwa matokeo makubwa ya biolojia ya seli ya nusu karne iliyopita, na sehemu yake kubwa imetokana na hamira ya mikate, Saccharomyces cerevisiae.

Nadharia ya mwanzo, hata hivyo, ilitoka katika kongosho. George Palade, mzaliwa wa Romania aliyefanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, alionyesha katika miaka ya 1950 na 1960 kwamba vimeng'enya ambavyo kongosho huvimwaga kwenye utumbo huingia kwanza katika retikulamu kabla ya kusafirishwa hatua kwa hatua hadi nje ya seli, na kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 pamoja na Albert Claude na Christian de Duve. Mwaka 1971 Günter Blobel na David Sabatini walitoa pendekezo kwamba protini inayopaswa kuingia retikulamu hubeba anwani yake katika mwanzo wa mnyororo wake. Mwaka uliofuata kundi la César Milstein huko Cambridge likaona kwamba mnyororo mwepesi wa kingamwili huundwa kwanza ukiwa na kipande cha ziada ambacho baadaye huondolewa. Na mwaka 1975 Blobel na Bernhard Dobberstein wakauona mchakato huo ukitokea ndani ya mirija ya majaribio, kwa kutumia mikrosomu, yaani vifuko vidogo vinavyopatikana retikulamu inapovunjwavunjwa, vilivyotengenezwa kutokana na kongosho la mbwa. Kipande hicho cha ziada, ambacho hapa kitaitwa kipande cha ishara, kwa kawaida kina asidi amino 15 hadi 30, na sehemu yake ya katikati ni mfululizo wa asidi amino zinazokwepa maji. Blobel alipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili ya kazi hiyo mwaka 1999.

Majaribio ya kongosho la mbwa yalikuwa na tokeo moja lililotawala fikra za wataalamu kwa zaidi ya muongo mmoja, nalo ni kwamba mikrosomu zilipotiwa wakati protini ikiwa bado inaundwa, protini iliingia ndani. Zilipotiwa baada ya protini kukamilika, haikuingia. Mapema katika miaka ya 1980 Peter Walter na Blobel walieleza chombo kinachosababisha hali hiyo, yaani chembe ya utambuzi wa ishara, iliyoundwa kwa protini sita na molekuli moja ya RNA, ambayo hukishika kipande cha ishara mara kinapochomoza kwenye ribosomu, hupunguza kasi ya uundaji wa protini, na kuipeleka ribosomu nzima hadi kwenye utando, ambako kipokezi maalumu huisubiri. Kutokana na hayo wengi walihitimisha kwamba uundaji wa protini na uvukaji wa utando ni tendo moja, na kwamba ribosomu, kwa kuurefusha mnyororo, ndiyo inayousukuma upande wa pili. Hitimisho hilo lilikuwa la haki kwa ushahidi uliokuwapo, lakini lilitokana na tezi ambayo kazi yake kubwa ni kumwaga vimeng'enya kwa wingi, na, jambo lililo zito zaidi, tezi ya mnyama ambaye jeni zake hazikuweza kuchezewa katika maabara ya wakati huo. Mtafiti aliweza kuona kinachotokea, ila hakuweza kuuliza ni jeni ipi ikiharibika mlango unafungika.

Hamira iliruhusu swali hilo. Seli yake ina upana wa maikromita chache tu, lakini ina kiini, retikulamu na mfumo kamili wa kutoa protini nje. Hugawanyika kila baada ya dakika 90 hivi inapopewa lishe ya kutosha. Huweza kuishi ikiwa na nakala moja tu ya kila jeni, hivi kwamba kasoro ya jeni haifichwi na nakala nzima. Na jeni zake, takribani 6,000, zilikuwa za kwanza za kiumbe chenye kiini kusomwa zote, kazi iliyokamilika mwaka 1996. Randy Schekman na mwanafunzi wake Peter Novick, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, walianza mwaka 1979 kwa kueleza seli za hamira zilizoshindwa kutoa protini nje zinapopashwa joto la nyuzi 37, na baadaye wakagundua kwamba seli za namna hiyo huwa nzito kuliko wenzake, kwa sababu huendelea kuunda protini na utando huku hazitanuki, kwa hiyo zaweza kutengwa kwa kuzungushwa kwa kasi ndani ya kimiminika kizito. Kufikia mwaka 1980 walikuwa na jeni 23 zilizopewa jina la sec pamoja na namba. Mwaka 2013 Schekman alishiriki Tuzo ya Nobel pamoja na James Rothman na Thomas Südhof. Lakini jeni hizo 23 zilihusu zaidi safari inayofuata, kutoka retikulamu hadi nje ya seli. Mlango wenyewe wa retikulamu haukunaswa.

Mlango ulinaswa kwa jaribio ambalo, kwa uzuri wa fikra yake, linastahili kuelezwa polepole. Ray Deshaies, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu wa Schekman, alichukua kimeng'enya kiitwacho histidinoli dehidrojinasi, ambacho kwa kawaida hukaa katika saitoplazimu na kuigeuza histidinoli kuwa histidini, asidi amino ambayo seli haiwezi kuishi bila hiyo. Mbele ya kimeng'enya hicho kiliunganishwa kipande cha ishara, na jeni ya mseto ikatiwa katika seli za hamira zilizopoteza kimeng'enya chake cha asili, kisha seli zikalishwa histidinoli bila histidini. Katika seli yenye mlango mzima, kipande cha ishara hukipeleka kimeng'enya ndani ya retikulamu, mbali na histidinoli, na seli hiyo hufa njaa huku chakula kikiwa karibu nayo. Katika seli ambayo mlango wake una hitilafu, sehemu ya kimeng'enya hubaki katika saitoplazimu, histidini hupatikana, na seli huota na kuwa koloni inayoonekana kwa macho. Kwa kawaida mtafiti anayetafuta kasoro hulazimika kuchunguza maelfu ya seli nzima ili aipate moja mbovu, lakini hapa mpangilio uligeuzwa, seli nzima zikafa zenyewe na mbovu zikajitokeza. Ilibaki sharti moja, kwamba kasoro isiwe kamili, maana seli isiyopitisha protini yoyote haiishi. Kwa hiyo zilitafutwa seli ambazo mlango wake unalegalega tu katika joto la wastani, lakini zinashindwa kuota katika nyuzi 37.

Tokeo la kwanza, lililochapishwa mwaka 1987, lilikuwa jeni iliyoitwa SEC61. Seli zenye kasoro katika jeni hiyo zilirundika protini za aina nyingi, zile za kutolewa nje na zile za vakuoli, chumba cha seli cha kumeng'enyea, zote zikiwa katika umbo la mwanzo, hazijakatwa kipande cha ishara wala kuvishwa sukari ambazo huvishwa ndani ya retikulamu tu. Na protini hizo zilipowekewa kimeng'enya kinachokata protini, zilikatika, dalili kwamba zilikuwa bado upande wa nje wa utando. Kufikia mwaka 1989 kundi la Schekman lilikuwa limeongeza SEC62 na SEC63. Mwaka 1992 wataalamu walipoulinganisha mfuatano wa Sec61 na wa protini nyingine waliona kwamba ni ndugu wa SecY, protini ya bakteria ambayo jukumu lake ni hilohilo, na katika mwaka huohuo kundi la Tom Rapoport nchini Ujerumani likaipata nakala ya Sec61 katika wanyama, ikiwa imeshikamana na ribosomu na minyororo inayoundwa. Jeni iliyopatikana kwa kuilisha hamira histidinoli ikawa jina la mlango wa retikulamu wa viumbe vyote vyenye kiini.

Sambamba na kazi hiyo ya jeni, mirija ya majaribio nayo ilikuwa imeanza kusema jambo ambalo kongosho la mbwa halikulisema. Mwaka 1986 maabara tatu, ya Walter huko San Francisco, ya David Meyer huko Heidelberg na ya Blobel mwenyewe huko New York, zilifanikiwa kuvusha protini kwa kutumia malighafi za hamira pekee. Protini waliyoitumia ilikuwa protini tangulizi ya alfa, mnyororo wa asidi amino 165 ambao seli ya hamira huukata baadaye ili kupata homoni fupi ya asidi amino 13 inayoita seli za jinsia ya pili. Ilionekana kwamba protini hiyo yaweza kuundwa mpaka mwisho, ribosomu zikaondolewa, ndipo mikrosomu za hamira zikatiwa, na bado protini ikavuka, ikakatwa ishara na kuvishwa sukari, madhali ipo ATP, molekuli ambayo seli huitumia kama chanzo cha nishati. Tokeo hilo lilidai fikra mpya. Ikiwa protini yavuka bila ribosomu, basi ribosomu siyo nguvu ya lazima. Pana nguvu nyingine, na nguvu hiyo hutumia ATP.

Sehemu ya jibu ilipatikana mwaka 1988 upande wa saitoplazimu. Makala mbili zilizotoka mwaka huo, moja ya kundi la Schekman pamoja na Elizabeth Craig, nyingine ya William Chirico na wenzake katika maabara ya Blobel, zilionyesha kwamba protini za familia ya Hsp70, zinazojulikana katika hamira kwa jina la Ssa, husaidia uvukaji huo. Hizi ni protini saidizi, yaani protini zinazoshika protini nyingine kwa muda bila kuwa sehemu yake. Protini iliyokamilika huelekea kujikunja na kupata umbo lake la mwisho, na ikishajikunja haiwezi tena kupenya tundu jembamba. Ssa hushikilia sehemu zake zinazokwepa maji na kuizuia isijikunje mapema, kisha huiachia inapofika mlangoni.

Nguvu ya kuvusha yenyewe, hata hivyo, ilikuwa upande wa pili wa utando. Mark Rose na wenzake walikuwa wakichunguza jeni KAR2, iliyopata jina lake kwa sababu kasoro zake huzuia viini vya seli mbili za hamira kuungana baada ya kujamiiana, na mwaka 1989 ikabainika kwamba jeni hiyo ni ya protini saidizi ya familia ya Hsp70 inayokaa ndani ya retikulamu, ndugu wa ile iitwayo BiP katika wanyama. Mwaka uliofuata kundi hilo likaonyesha kwamba Kar2 ikikosekana protini hukwama nje ya retikulamu. Kisha, mwaka 1995, Steffen Panzner na wenzake katika kundi la Rapoport walifanya jambo ambalo biokemia hulihesabu kuwa ushahidi wa juu kabisa, kwani waliutenganisha mtambo wa hamira katika vipande vyake safi na kuujenga upya ndani ya vifuko vya lipidi visivyokuwa na kitu kingine. Mtambo huo una protini saba: tatu ni za mfereji wenyewe, yaani Sec61, Sbh1 na Sss1, na nne ni Sec62, Sec63, Sec71 na Sec72. Vifuko vyenye protini hizo saba, vikitiwa Kar2 na ATP ndani yake, viliweza kuvusha protini tangulizi ya alfa bila ribosomu wala protini za saitoplazimu.

Je, Kar2 huvuta? Jambo hili linahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa jibu lake si lile ambalo akili hulikimbilia kwanza. Molekuli zote hutikisika daima kwa sababu ya joto, na mnyororo uliochomeka katika mfereji husogea mbele na nyuma bila mwelekeo. Sec63 ina sehemu inayochungulia ndani ya retikulamu, na sehemu hiyo huichochea Kar2 iliyo karibu kuivunja ATP. Tendo hilo huifanya Kar2 ijifunge kwenye kipande cha mnyororo kilichotokeza ndani. Kwa kuwa Kar2 ni kubwa kuliko tundu, kipande kilichoshikwa hakiwezi kurudi nje, ila chaweza kuendelea kuingia, na kila kinaposogea ndani kidogo, Kar2 nyingine hukishika. Ni kama uzi unaotikisika ndani ya tundu la ushanga, ambao kila unapojitokeza upande mmoja hupigwa fundo, hata ukaishia wote upande huo pasipo mtu kuuvuta. Mwaka 1999 Kent Matlack na wenzake katika maabara ya Rapoport walilithibitisha wazo hili kwa namna isiyoacha shaka kubwa, kwani waliiondoa Kar2, na mahali pake wakaweka kingamwili zinazoishika protini tangulizi ya alfa. Kingamwili hazina uwezo wa kuvuta kitu wala hazitumii ATP, lakini protini ilivuka. ATP, basi, haitumiki kuuburuta mnyororo. Inatumika kuihimiza Kar2 ishike mahali panapofaa, na baadaye iachie.

Umbo la mfereji lilichukua muda mrefu zaidi kuonekana. Mwaka 2004 Bert van den Berg na wenzake, wakiwa na Rapoport aliyekuwa amehamia Harvard, walichapisha umbo la mfereji wa Methanococcus jannaschii, kiumbe kidogo cha kundi la akea, na pale ikaonekana kwamba protini hiyo, ambayo mnyororo wake hupita katika utando mara kumi, ina umbo la saa ya mchanga, yaani pana juu na chini na nyembamba katikati. Katika wembamba huo pana pete ya asidi amino sita zinazokwepa maji, ambazo huuzunguka mnyororo unaopita na kuzuia ioni kuvuja. Chini yake pana kizibo, kipande kifupi cha protini kinachoufunga mfereji usipokuwa na kazi. Na ubavuni pana mwanya unaoweza kufunguka kuelekea katika mafuta ya utando, ambao waweza kuitwa lango la ubavu. Kipande cha ishara hujipachika katika lango hilo, nao ufunguo huo ukiingia, kizibo husogea.

Mwaka 2019 maabara mbili, ya Eunyong Park huko Berkeley na ya Rapoport, zilitoa picha za mtambo mzima wa hamira zilizopatikana kwa hadubini ya elektroni yenye kutumia sampuli zilizogandishwa ghafla. Picha hizo zilijibu swali ambalo kemia ilikuwa imeliacha. Sec63 huushika mfereji kutoka pande mbalimbali na kulipanua lango la ubavu, na zaidi ya hapo sehemu yake ya upande wa saitoplazimu hukaa palepale ambapo ribosomu ingetua. Kwa hiyo mfereji mmoja hauwezi kutumikia ribosomu na Sec63 kwa wakati mmoja. Au unapokea mnyororo kutoka kwa ribosomu moja kwa moja, au unafunguliwa na Sec63 na kupokea protini iliyokwisha kuundwa.

Njia zote mbili hutumika katika seli ileile, na mgawanyo wake si wa kubahatisha. Davis Ng, Jeremy Brown na Walter walionyesha mwaka 1996 kwamba kinachoamua ni kipande cha ishara chenyewe, kwani pale ambapo sehemu yake ya katikati hukwepa maji kwa nguvu, chembe ya utambuzi huishika na protini huvuka ikiwa inaundwa. Pale ambapo sehemu hiyo ni dhaifu, kama ilivyo kwa protini tangulizi ya alfa na kwa kimeng'enya cha vakuoli kiitwacho kaboksipeptidasi Y, chembe huikosa, na protini huelekezwa kwa Sec62 na Sec63. Na zipo, Kar2 yenyewe ikiwamo, zinazoweza kutumia njia zote mbili. Miaka mitano kabla ya hapo Byron Hann na Walter walikuwa wamegundua kwamba hamira ya mikate iliyonyang'anywa chembe ya utambuzi haifi. Huota polepole mno, kisha huzoea.

Hapa inafaa kutahadharisha dhidi ya kuichukua hamira moja kuwa kielelezo cha zote. Schizosaccharomyces pombe, ambayo Paul Lindner aliitenga nchini Ujerumani mwaka 1893 kutoka katika pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki na kuipa jina la kinywaji hicho, ni hamira pia, lakini uchunguzi wa mwaka 1988 ulionyesha kwamba RNA ya chembe ya utambuzi ni ya lazima kwake. Ikikosekana, seli hufa. Hamira hizi mbili zilitengana kimageuko zamani sana, na kila moja imeegemea njia tofauti. Anayesema kwamba hamira haihitaji chembe ya utambuzi anasema kweli ya aina moja tu.

Zipo pia protini ambazo haziwezi kutumia njia yoyote kati ya hizo, kwa sababu kipande chao cha kushikamana na utando kiko mkiani, na hakitoki kwenye ribosomu mpaka uundaji umekwisha. Hizo hubebwa na Get3 na kukabidhiwa kwa Get1 na Get2 zilizo kwenye retikulamu, mfumo ambao Maya Schuldiner na wenzake waliueleza katika hamira mwaka 2008. Mwaka 2016 maabara yake huko Rehovot ikaongeza njia nyingine, iitwayo SND, inayopendelea protini ambazo vipande vyake vya utando viko katikati ya mnyororo. Njia hizi ni changa katika elimu, na kwa mhadhara wa leo yatosha kuzitaja.

Kinachofuata baada ya mlango huanza kabla mnyororo haujamaliza kupita: kimeng'enya kiitwacho Sec11 pamoja na wenzake hukata kipande cha ishara, na kingine huvisha mnyororo kishada cha sukari 14 pale panapostahili, kisha protini hujikunja na kufungwa kwa viungo vya salfa ambavyo mazingira ya saitoplazimu hayaviruhusu. Viwanda vya dawa hutegemea mlolongo huu. Kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark huunda insulini kwa kutumia Saccharomyces cerevisiae, ikiwa imeunganisha kitangulizi cha insulini na mfuatano unaokiongoza katika retikulamu na kukitoa nje ya seli, na viungo vya salfa vya insulini hiyo hufungwa humo retikulamuni. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini ya aina hiyo, awe Mwanza au Mombasa, anatumia protini iliyopita katika tundu la Sec61.

Tundu hilo laweza pia kuzibwa kwa madhara, na hapa elimu ya hamira inakutana na ugonjwa ambao jina lake limetoka Afrika Mashariki. Kidonda cha Buruli kinaitwa hivyo kwa sababu ya kaunti ya Buruli nchini Uganda, karibu na mto Naili, ambako wagonjwa wengi walichunguzwa katika miaka ya 1960, ingawa daktari Albert Cook wa Mengo alikuwa amekwisha kuona vidonda vya namna hiyo mwaka 1897. Husababishwa na Mycobacterium ulcerans, bakteria wa ukoo wa wale wa kifua kikuu na ukoma, na ajabu yake kubwa ni kwamba kidonda hupanuka na kula ngozi na mafuta yaliyo chini yake huku mgonjwa mara nyingi akihisi maumivu machache, na kinga ya mwili karibu na kidonda ikiwa kama imenyamazishwa. Bakteria huyo hutoa sumu iitwayo mikolaktoni, ambayo muundo wake ulielezwa mwaka 1999. Mwaka 2014 kundi la Rachel Simmonds nchini Uingereza lilionyesha kwamba seli zilizopewa mikolaktoni huendelea kuunda protini za kinga, lakini protini hizo haziingii katika retikulamu, na kwa hiyo huharibiwa katika saitoplazimu. Mwaka 2016 kundi la Caroline Demangel katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris likathibitisha kwamba shabaha ya sumu hiyo ni Sec61 yenyewe, na kwamba badiliko la asidi amino moja tu katika Sec61 laweza kuifanya seli isidhurike.

Kuona mahali hasa sumu inapojipachika kulikuwa kugumu, kwa kuwa mfereji wa binadamu ukiwa peke yake hufunga lango lake la ubavu. Kundi la Park lilitatua tatizo hilo kwa kurudi kwenye hamira, likatengeneza mfereji wa mseto ambao sehemu zake zilizo ndani ya utando ni za binadamu, lakini vitanzi vyake vya upande wa saitoplazimu ni vya hamira, ili Sec63 ya hamira iweze kuushika na kuufungua. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023, mikolaktoni ilionekana imejipachika katika lango la ubavu lililofunguka nusu, ikishikana na kizibo na kukizuia kisisogee, na vizuizi vingine vya asili na vya maabara vilivyopimwa pamoja nayo vilikaa katika mfuko uleule. Ugonjwa wa Buruli kwa sasa hutibiwa kwa viuavijasumu, rifampisini pamoja na klarithromisini kwa muda wa wiki nane, ambavyo humuua bakteria lakini haviigusi sumu iliyokwisha kusambaa katika tishu. Na kwa kuwa mfuko ambamo sumu hiyo hukaa sasa unajulikana atomu kwa atomu, yawezekana kuuliza ni molekuli gani ingeweza kuishika sumu hiyo kabla haijaufikia mfereji.